Nzuri Sana, Mwalimu

Ukimwamkia Mwalimu, ataitikia marahaba, ataulizia nyumbani, ataulizia mbuzi, ataulizia kama mvua ya juzi imeharibu njia ya kwenu, halafu atauliza unatumia Linux gani. Ukimwambia hutumii yoyote, atakushika mkono kwa mikono yake miwili na kukupa pole ile ile anayowapa wafiwa.

Alinifundisha Jiografia sekondari, hapa hapa Lushoto, kabla hajastaafu. Alizaliwa wapi sijui, na ni wa ukoo gani sijawahi kuuliza, jambo la ajabu kwa mtu kama mimi ninayeuliza kila kitu. Lakini ukoo wa Debian naujua mpaka wajukuu, kwa sababu alinichorea ubaoni. Debian baba, Ubuntu mtoto, Mint mtoto wa mtoto. Fedora akamjengea boma lake pembeni, mbali na hao wengine. Arch akamweka juu kabisa, kwenye kona ya ubao, akamzungushia mstari. "Huyu," alisema, "hakai na watu."

Kwa asiyefahamu, Linux ni moyo wa mfumo wa kuendeshea kompyuta, na moyo huo hugawiwa bure. Watu mbalimbali huuchukua, wakauvisha mwili wanaoutaka, wakaupa jina lao. Kila mwili mmoja huitwa distro. Ziko nyingi mno, na kwa mtu wa kawaida aliye na kompyuta moja mezani na kazi ya kufanya, swali ni achukue ipi. Mwalimu alilibeba swali hilo miaka na miaka kama vile Lushoto nzima ilikuwa imesimama mlangoni kwake ikisubiri jibu. Lushoto ilikuwa imesimama shambani ikipalilia karoti.

Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya takwimu, sina kazi, na nina mazoea ya kuuliza "umejuaje?" mpaka nyumbani wakaacha kunihadithia habari za majirani. Siamini kitu mpaka nikione, na nikishakiona nauliza nani kaniwekea nikione. Mwalimu akaniita Profesa. Hakunipa jina hilo kwa heshima.

"Profesa," aliniambia siku moja nilipombishia jambo kuhusu Fedora, "wewe ungekuwepo siku Mungu anaumba milima, tungekuwa tambarare mpaka leo. Ungemuuliza sampuli iko wapi."

Alikuwa na namna yake ya kulinganisha vitu, na wala hakuhitaji kompyuta iwe imewashwa. Debian, alisema, ni mzee wa Vuga: haongei sana, ila alichokisema mwaka jana bado kimesimama. Ukimwomba kitu kipya atakuambia subiri, wengine wakijaribu kwanza wakaumia, na mimi nitakuja. Ubuntu ni stendi ya Mombo. Kila mtu anapita pale, kila kitu kinapatikana, na ukipotea hukosi wa kukuelekeza, hata kama anakuelekeza njia ya kwake. Mint ni nyumba ya shangazi: hujawahi kufika, lakini unajua vikombe viko wapi. Fedora ni mbegu mpya ambayo bwana shamba ameisikia tu; inatoka haraka, inapendeza, lakini usilale. Na Arch? "Arch hawakuuzii kiti. Wanakupa mti na panga. Wiki ijayo utakaa, na utawaambia watu wote umekaa."

Hapo alikuwa anajisema mwenyewe. Wakati fulani tulikuwa msibani Gare, tumebanana kwenye benchi, kwaya inaimba, akanisogelea sikioni. Nikainama kwa huzuni nikijua ananiambia marehemu aliugua nini. Akaninong'oneza: "Jana nimehamia Arch."

Nikasema, "Bwana ametoa."

Akajibu kwa uso wa furaha kabisa, "Na sauti bado haijatoka kwenye spika, lakini itatoka."

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa subira. Mtu akimlalamikia kuwa kompyuta yake nzito, Mwalimu angemsimulia jinsi mti wa asili unavyochukua maisha ya watu wawili kukua huko msitu wa Magamba, na kwamba mtumiaji mzuri ni yule anayechagua mfumo mmoja akatulia nao kama ndoa. Maneno mazuri. Yeye mwenyewe alikuwa anaoa na kuacha kila mwezi. Ungemkuta Jumapili baada ya ibada anaisifia Ubuntu mpaka machozi yanamlenga, Jumatano ukimuuliza Ubuntu hajambo anakuangalia kama umemtajia mtu aliyemkosea. "Ile? Niliitoa. Haikuwa mbaya. Hatukuelewana tu."

Na alipokuwa anaupiga mfumo mpya kwenye mashine, yaani anauingiza, hakukaa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mgeni akiingia nyumbani watu wenye adabu husimama. Basi angesimama mbele ya kioo, sweta mbili mwilini, mikono nyuma, akitazama ule mstari unaotambaa kuelekea mwisho. Mashine zilikuwa kuukuu. Kuna wageni walioingia kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku, na umeme ulipokatika katikati aliendelea kusimama gizani, ili wakirudi wasimkute amekaa.

Mashine hizo ndizo kiini cha habari yenyewe. Zilikuwa tano, zote mtumba. Mwanafunzi wake wa zamani alizipata ofisini kwao zilipobadilishwa, kwa kuwa zilizeeka mno kuweza kubeba Windows mpya, akazipakia kwenye gari la mizigo likiwa linapanda tupu kuja kuchukua kabichi. Mwalimu akakiomba chama chetu cha wakulima wa mboga chumba kimoja kwenye ghala, kule njia ya Magamba. Akapewa. Kwa bahati mbaya alipewa chumba kikavu kuliko vyote.

Mwenyekiti wa chama si mtu mbaya. Ni mpole, ana kikohozi cha baridi kisichoisha, na alikuwa na tatizo la kweli: mbegu za viazi zilikuwa zinaoza kwenye chumba cha jirani chenye unyevu. Alikuja mwenyewe akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu ukae. Usikae hapo, hapo pana Fedora."

"Mwalimu, mimi sina neno na mashine zako. Ila viazi vinaoza, na vitu hivi haviliwi wala havioti." Alizionyesha kompyuta kwa kofia. "Nikisema nivitoe nje leo nitaonekana sina adabu. Basi tufanye hivi. Mkutano mkuu unakuja. Siku ile nitauliza nani kati ya wanachama anaitumia mashine kwa kazi yake mwenyewe. Si semina, si kupiga picha amekaa mbele yake. Kazi yake. Akisimama mmoja, mmoja tu, chumba chako. Asiposimama, naingiza viazi."

"Mmoja tu?" Mwalimu aliuliza, karibu acheke.

"Mmoja tu."

Mwenyekiti alipoondoka, Mwalimu alinigeukia. Alikuwa amefundisha maisha yake yote watoto waliotakiwa kufaulu mtihani, aliniambia, na walifaulu, wakaondoka. Sasa alitaka kumwona mkulima mmoja wa hapa hapa, aliyebaki, akitumia kompyuta kwa sababu ana shida nayo. "Si kwa sababu nimemwita mimi. Wakinifuata kwa heshima yangu, siku nikifa wataizima."

Ungedhani baada ya maneno hayo angechagua distro moja na kuanza kufundisha. Aliandaa mashindano.

Kila mashine ikapewa mfumo wake: Debian, Ubuntu, Mint, Fedora na Arch, na juu ya kila kioo karatasi yenye jina. Wanachama wakaalikwa baada ya kikao cha mbolea. Wakaja wakiwa na matope miguuni, wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akakalishwa mbele ya kila mashine, akashikishwa mausi, akafungua hiki, akafunga kile. Kisha Mwalimu, amesimama begani kwake, anauliza: "Haya. Unaionaje hii?"

"Nzuri sana, Mwalimu."

"Na hii?"

"Nzuri sana."

"Ukilinganisha na ile?"

"Zote nzuri, Mwalimu. Mungu akubariki."

Mama Zaina ndiye pekee aliyethubutu kuongeza neno. Huyu ni jirani wa ghala, mama wa karoti na matunda ya plamu, na kwa kuwa nyumba yake inatazamana na mlango, funguo za ghala hukaa kwake. Mwalimu alikuwa amezigeuza mashine zote ziongee Kiswahili, kwa kadiri zilivyokijua. Mama Zaina akasoma juu, akasoma chini. "Inaanza Kiswahili, inamalizia Kizungu," alisema. "Kama mwanangu akirudi kutoka Dar." Watu wakacheka. Halafu akakumbuka yuko mbele ya nani, akainamisha kichwa: "Lakini nzuri sana, Mwalimu."

Mashine ya tano, yenye Arch, haikuwaka siku hiyo. Mwalimu alikuwa ameishughulikia mpaka dakika ya mwisho na kuna hatua aliiruka. Kioo kilikuwa cheusi ti. Lakini katika shughuli na kelele aliisahau, na mzee mmoja mkulima wa maharage akafikishwa mbele yake, akakalishwa, akapewa mausi.

"Na hii, ndugu yangu, unaionaje?"

Mzee alivua kofia. Alijongea. Alitazama lile giza, ambamo nadhani aliona uso wake mwenyewe, akalipima kwa makini kama anayechagua ng'ombe.

"Nzuri sana, Mwalimu," alisema. "Hii imetulia."

Mwalimu akaenda ubaoni akaweka tiki. Jioni alipojumlisha, distro zote tano zilikuwa zimefungana kwa alama kamili, ikiwemo ambayo haikuwepo.

"Mwalimu," nilimwambia tulipobaki wawili, "matokeo haya hayana thamani yoyote."

"Hayana thamani kwa nini?"

"Hapa hakuna mtu atakayekuambia kitu chako kibaya. Umewafundisha wote, au umewafundisha watoto wao. Wanakuamkia wakiwa barabara ya pili. Ungewaletea kinu cha kusagia wakakaa mbele yake, wangekuambia nzuri sana."

"Watu wa hapa ni wakweli, Profesa."

"Ni wakweli wakiwa nyumbani kwao."

Akanuna. Lakini aliponyanyua macho akaona karatasi ya Arch juu ya kile kioo cheusi, na tiki zake zote ubaoni, alitikisa kichwa. "Haya," alisema. "Chuo kikuu kinasemaje?"

Chuo kikuu kilisema usimuulize mtu anapenda nini, tazama anafanya nini. Nikapendekeza chumba kiachwe wazi, mtu yeyote aingie apate joto, achezee anayotaka, na Mwalimu asiwepo. Sharti hilo la mwisho lilimuuma sana. Alikubali, akaenda kukaa nje nyuma ya marundo ya matenga ya kabichi, ambako alidhani haonekani. Kofia yake ilionekana yote. Kila aliyepita alisimama akayaamkia matenga kwa heshima, na matenga yakaitikia marahaba.

Mimi nilikaa kwenye kona na kazi ya kufuma, nikitazama. Na kwa kweli watu waliingia. Asubuhi ya kwanza, wote walikwenda Fedora. Walijazana pale, wawili wawili kwa kiti, wengine wamesimama, wakati Ubuntu na Debian hazina mtu. Asubuhi ya pili, Fedora tena. Nilihisi ile raha ambayo nadhani ndiyo iliyonifanya nisome takwimu. Nikamfuata Mwalimu nyuma ya matenga nikamtangazia: wakulima wa Usambara, wakiachwa huru bila kushawishiwa, huchagua Fedora. Nikamweleza na sababu. Sikumbuki sababu zenyewe, ila zilikuwa na maneno marefu.

Alasiri wote walikuwa Debian.

Nilirudi kwenye kona yangu. Fedora haikuwa na mtu. Nikatazama, nikatazama, mpaka nikaona kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kuishi na baridi ya Magamba angekiona mara moja, yaani mtu kama mimi niliyezaliwa hapa. Fedora ilikuwa kwenye dirisha la mashariki. Debian ilikuwa kwenye dirisha la magharibi. Jua lilipohama, watu walihama nalo. Na ukungu uliposhuka kiasi cha saa kumi, wote waliondoka.

Mwalimu alicheka mpaka akashika tenga asianguke.

"Profesa," alisema akifuta macho, "hebu niambie. Jua linatumia distro gani?"

Swali hilo alikuja kuniuliza mbele ya wazazi wangu, mbele ya fundi wa pikipiki, na mara moja mbele ya mchungaji. Lakini kicheko kilipoisha, mkutano ulikuwa umekaribia na hatukuwa na mtumiaji hata mmoja. Mimi nilimshauri achague yoyote, kwa sababu jambo moja nilikuwa nimeliona kwa yakini: kwenye zote tano, programu ya kuandikia ilikuwa ile ile, na ya kuingilia mtandaoni ile ile. Mtu anayeandika barua haoni ukoo wa Debian. Anaona kitufe kiko wapi, na kama kesho kitakuwa pale pale.

Mwalimu alinisikiliza vizuri sana. Kisha akafanya kile ambacho ni yeye tu angekifanya. Alisema kwa kuwa hakuna iliyoshinda, haki itendeke, tuanze upya wote sawa na kitu kipya kabisa. Akahamisha mafaili yote kwenye flashi, akazifuta mashine zote, akazipiga Fedora zote tano, toleo la karibuni. Alisimama siku nzima.

Siku ya mkutano ghala lilijaa. Mbegu zilizooza zilikuwa zimeletwa kwenye ndoo mpaka mbele, si kwa ubaya, ni ili zionekane, na harufu yake ilihutubia kabla ya mtu yeyote. Mwalimu alikaa mstari wa kwanza, tai imefungwa juu ya sweta ya ndani na chini ya ile ya nje. Mimi nilikaa nyuma yake.

Mwenyekiti alikohoa, akauliza alichoahidi kuuliza. "Zile kompyuta za Mwalimu. Zinatusaidia?"

"Zinatusaidia sana!" ghala zima likajibu.

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana!"

"Zimemsaidia nani, kufanya nini?"

Nilisikia mvua ikianza kwenye mabati. Watu walitazama miguu yao. Yule mzee wa maharage alinyanyuka nusu, kwa upendo mtupu, akasema, "Mimi binafsi ilinituliza," akakaa. Mwenyekiti alimtazama Mwalimu kwa huruma, na nikajua tumekwisha.

"Mwenyekiti." Sauti ilitoka mlangoni. Mama Zaina alikuwa amesimama, mwavuli unachuruzika. "Shikamooni wazee wangu. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo.

"Naomba wazee mnisamehe. Mimi nimelelewa vizuri, mama yangu mnamjua. Ila leo itabidi nionekane sikulelewa." Akavuta pumzi. "Nataka kujua nani kamtuma Mwalimu abadilishe mashine yangu."

Watu waligeuka kama upepo umewageuza.

"Mashine yako?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ile ya pembezoni, isiyopata jua. Iliyokuwa na Mint. Funguo si ninazo mimi? Nikitoka kuswali alfajiri nilikuwa naingia, hakuna mtu wa kunisimamia begani aniulize naionaje. Kitufe kiko chini kushoto. Nabonyeza, naandika lebo za matenga yangu, 'Karoti za Mama Zaina, Magamba', natoa kwenye ile printa iliyokuja na mashine, navika nailoni, nabandika, lori la Fuso linaondoka. Kule sokoni Dar wakawa wanajua zangu ni zipi. Wanauliza zangu! Jumatatu hii nimewasha, nimekuta ukuta. Ukuta mtupu, jamani! Rangi ya bluu, hakuna kitu, hakuna hata pa kushika. Nikajua tumeibiwa. Nikatoka mbio kuangalia kufuli. Kufuli zima! Nikasema wezi wa siku hizi wanapita ndani ya waya."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, lakini yeye hakucheka.

"Mnacheka. Matenga yangu yamekwenda bila jina. Dalali kayachanganya na ya huyu." Akamnyooshea mwavuli jirani yake. "Karoti zangu zimeuzwa kama zake. Karoti ambazo hata mbuzi anaziuliza maswali."

"Mama Zaina! Karoti zangu zimekosa nini?"

"Nyamaza, tutaongea barabarani. Nilikuwa na kazi yangu, ikawa inakwenda. Sasa mtu anaamka tu anahamisha nyumba nikiwa ndani?"

Hakuna aliyewahi kumwambia Mwalimu neno kama hilo hadharani. Mwenyekiti alikuwa ameshika kofia kifuani. Mwalimu aliinuka taratibu, akamgeukia.

"Mama Zaina. Hii niliyoweka sasa ni mbaya?"

"Mbaya sana, Mwalimu."

Alikaa. Akanigeukia, macho yamemjaa maji. "Mbaya sana," alinirudia kwa kunong'ona, kama mtu aliyeambiwa uzito wa mjukuu aliyezaliwa usiku. "Umesikia, Profesa? Mbaya sana."

Mwenyekiti alitoa hukumu yake bila kupiga kura. Alisema yeye aliahidi mtu mmoja anayezitumia, na mbele yake yuko mtu mmoja anayezigombania, jambo linalozidi sharti. Chumba kinabaki. Mint irudi kama ilivyokuwa. Na Mwalimu asiguse mashine yoyote bila ruhusa ya Mama Zaina.

"Hata likija toleo jipya?" Mwalimu aliuliza.

"Hata likija vumbi," alisema Mama Zaina.

Mbegu za viazi zilihamia sebuleni kwa Mwenyekiti. Mkewe hakusema nzuri sana.

Mimi nikapata kazi Tanga, na nikirudi likizo huwa napita ghalani. Mara ya mwisho ilikuwa majuzi. Viti vyote vilikuwa na watu, na kila mtu alikuwa na lalamiko: printa inatafuna karatasi, mausi inaruka, nani kahamisha faili la vitunguu. Mwalimu alikuwa katikati yao, amezeeka, fimbo mkononi, na nadhani sijawahi kumwona ana furaha kiasi hicho. Aliniulizia nyumbani, akaulizia barabara. Kisha nikaona jicho lake limerudi kwenye mashine ya pembezoni, ambako Mama Zaina alikuwa anaandika kwa vidole viwili. Chini ya kioo, kwenye kona, palikuwa na kialama cha ngao kilichoota kitone, maana yake kuna maboresho mapya yanasubiri kuingizwa. Mwalimu alisogea hatua moja. Akasogea nyingine.

"Mwalimu," alisema Mama Zaina bila kugeuka, "kivuli chako nakiona kwenye kioo."

"Naangalia tu, mwanangu."

"Unaangalia kitone."

"Nimekiona tangu jana. Ni jambo dogo. Halihamishi kitu. Ni kubonyeza tu."

Mama Zaina aliendelea kuandika. Alimaliza mstari, akausoma, akausahihisha. Ndipo akamgeukia mwalimu wake wa zamani, akamtazama vile ambavyo yeye aliwahi kututazama sisi tukiomba kutoka nje.

"Fuso linaondoka saa nane," alisema. "Likishaondoka njoo ukae hapa, ubonyeze mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Mwalimu alifuta viganja kwenye sweta.

"Saa nane kamili, au saa nane ya Fuso?"

"Ya Fuso."

Akavuta benchi, akakaa kusubiri.